Mashine Iliyongoja Mgeni Rasmi

Mwaisha Majaliwa, ambaye watu wote walimwita Mama Bashiri, alikuwa fundi cherehani wa kike wa pekee katika mji wetu mdogo wa barabarani, kati ya Ushirombo na Masumbwe. Siku hizi wapita njia humwita "yule mama wa mguu mmoja", kana kwamba alizaliwa hivyo, au kana kwamba mguu wake ulichukuliwa na Mungu. Haukuchukuliwa na Mungu. Ninaandika habari zake ili jambo hilo lijulikane. Sehemu nyingine niliziona mwenyewe, maana nyumba yetu ilipakana na yake, na nyingine nilisimuliwa na nesi Melania, ambaye mpaka leo hawezi kuzisimulia akiwa amekaa.

Cherehani kilikuwa cha marehemu mumewe, mtu wa Ujiji aliyekuja bara kushona kanzu na akabaki. Alipokufa, ndugu zake walikuja kugawana vitu. Mama Bashiri aliwaacha wachukue kitanda, baiskeli na saa ya ukutani, lakini cherehani alikikalia. Alikikalia kweli, juu ya meza yake, miguu ikiwa imening'inia kwenye pedeli, akawaambia, "Atakayekitaka hiki atanichukua na mimi." Hawakumtaka, wakaondoka.

Basi akaanza kushona barazani, mahali pale pale alipokuwa akikaa mumewe. Ng'ambo ya barabara alikaa fundi Muhidini, ambaye hakuvumilia kuona mwanamke akikanyaga pedeli mbele za watu.

"Mama Bashiri," alikuwa akimpigia kelele, "leo umevunja sindano ngapi?"

"Chache kuliko suruali ulizozibana wewe. Watu wanatembea kama kuku waliofungwa miguu."

Wateja walicheka, na siku ikaanza. Nguo yangu ya kwanza ya shule aliishona yeye, na kola yake haikuwahi kukunjika mpaka nilipomwachia mdogo wangu.

Miaka ile ya mwanzo wa themanini ilikuwa ya uhaba. Kitambaa kilipatikana kwa foleni, na mara nyingi foleni ilikwisha kabla ya zamu yako. Mama Bashiri akageukia viroba. Wachimbaji wa dhahabu wa upande wa Geita walihitaji mifuko migumu ya kupandishia mawe kutoka kwenye maduara, yaani mashimo yao. Alishona viroba vya turubai kuukuu kwa uzi wa mkonge, na mshono wake haukufumuka. Turubai ni nzito, na sindano haipiti mpaka mguu usukume kwa nguvu. Kwa hiyo nikisema alikula kwa mguu wake wa kulia, simaanishi mfano. Mguu ule ndio uliolipa karo ya Bashiri mpaka akapata kazi ya reli Tabora.

Mwaka wa themanini na nne hospitali yetu ililetewa zawadi na marafiki wa nchi za nje. Ilikuwa mashine ndogo, ukubwa wa redio ya betri, yenye kalamu nene iliyounganishwa kwa waya. Kijana mgeni aliyeileta alimfundisha mganga mfawidhi, Daktari Gregory, pamoja na nesi Melania, mchana mmoja, kisha akaenda zake. Baada ya hapo mashine ikafungiwa kabatini ofisini kwa daktari. Ilikuwa inangoja kuzinduliwa.

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa neno hilo. Kisima, darasa, daraja, hata choo cha soko, hakianzi kutumika mpaka mgeni rasmi aje akate utepe. Kitu kikitumika kabla, mgeni huona amedharauliwa, na aliyemdharau hutafutwa. Mgeni wa mashine yetu alikuwa aje kutoka mkoani Shinyanga. Mara ya kwanza aliahirisha kwa sababu ya kikao, mara ya pili kwa sababu ya mafuta. Kamati ya maandalizi haikukata tamaa. Iliendelea kufundisha kwaya.

Daktari Gregory alikuja mwenyewe barazani kwa Mama Bashiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari. Leo umekuja kupima au kupimwa?"

"Tunataka kitambaa cha kufunikia mashine yetu mpya. Kiwe chekundu, kiwe na pindo zuri, na juu kiwe na kishikio kidogo, mgeni rasmi akivute kwa vidole viwili tu."

"Mashine yenyewe inafanya nini?"

"Inapima mwendo wa damu mishipani. Inakwenda upesi au polepole, inakuja au inaondoka."

"Na mkiifunika itaona wapi?"

"Haioni, mama. Inasikia."

"Basi nitaiachia masikio," akasema, wakacheka wote wawili.

Kitambaa chekundu hakikuwapo dukani. Mama Bashiri akafungua sanduku lake akatoa kipande cha mahameli alichokuwa akimwekea Bashiri kwa ajili ya harusi yake. Akaenda hospitali na futi yake shingoni, akaipima mashine pale kabatini, akaishonea vazi lililoikaa kama kanzu ya Idi. Kipande kilichobaki akakifanya utepe. Mwenyekiti wa kamati akaufunga utepe ule juu ya kitambaa kwa fundo kubwa, na kabati likafungwa tena.

Haukupita muda mrefu, Mama Bashiri akapanda lori kupeleka viroba machimboni. Wakati wa kurudi lori lilikuwa limejaa viroba vya mawe ya dhahabu yanayopelekwa kusagwa, na abiria walikaa juu ya mawe. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mteremko gari likateleza likalala ubavu mtaroni, na mguu wake wa kulia ukabanwa chini ya viroba. Viroba alivyovishona mwenyewe. Hakuna hata kimoja kilichopasuka kumpunguzia uzito.

Alifikishwa hospitali asubuhi iliyofuata, juu ya mlango wa nyumba uliogeuzwa machela. Mfupa ulikuwa umevunjika chini kidogo ya goti. Mguu ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa, na wayo ulikuwa wa baridi. Daktari Gregory aliweka vidole juu ya wayo kutafuta mapigo, hakuyapata. Akaweka nyuma ya kifundo, hakuyapata. Akampa Melania naye ajaribu. Uvimbe ulikuwa mnene mno, vidole havikusikia kitu.

Sasa hapa ndipo palipokuwa na swali, nalo lilikuwa moja tu. Je, damu ilikuwa ikifika kwenye wayo au haikufika? Kama haikufika, mguu ulikuwa unakufa, na ukiachwa ungemwua mwenyewe. Kama ilifika, hata kidogo, mguu ungenyooshwa, ungeinuliwa, ungengojwa uvimbe upungue. Mtu mwenye vidole tu hawezi kujua. Ndiyo maana watu walikaa chini wakatengeneza mashine.

"Tutakata," alisema Daktari Gregory. "Juu ya goti, tuwe na uhakika. Leo alasiri."

"Daktari," alisema Melania, "si tuna mashine?"

"Haijazinduliwa."

Melania aliniambia kwamba alidhani ni mzaha, akatabasamu. Kisha akaona daktari hatabasamu.

"Itachukua dakika chache tu. Nitaipaka ile jeli iliyokuja nayo, nitasikiliza, nitaifuta. Tutairudisha tutaifunika. Nani atajua?"

"Kamati imeshaifunga utepe. Jeli yenyewe ni kichupa kimoja, kimewekwa kwa ajili ya siku ile. Na watu wa wodini hawatasema? Kuna mwenzangu wilaya nyingine aliwaruhusu wanakijiji wachote maji ya kisima siku moja kabla. Mgeni akakuta matope pale kisimani, akageuza gari bila kushuka. Unajua yule mwenzangu yuko wapi sasa?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Basi."

Sitaki kumfanya Daktari Gregory jini. Alikuwa mtu mpole, alilala hospitali mara nyingi kuliko nyumbani kwake, na watoto wengi wa mji ule wanaishi kwa sababu yake. Hilo ndilo linalonikasirisha zaidi. Mtu mbaya ungemtafutia sababu. Huyu alikuwa mtu mwema aliyemwogopa mgeni ambaye hata hakuwapo.

Akamwendea Mama Bashiri kumweleza. Aliyelala kitanda cha pili alikuwa Limi, mama wa Kisukuma kutoka Didia aliyekuja kumtembelea bintiye akashikwa na homa ya mapafu. Yeye alisikia yote.

"Mama," alisema daktari, "mguu hauna damu. Lazima tuuondoe."

"Umejuaje hauna damu?"

"Nimegusa."

"Umegusa. Na ile niliyoishonea nguo? Uliniambia inasikia damu."

Daktari akaanza kulinyoosha shuka la kitanda.

"Au imekufa?"

"Haijafa, mama. Inangoja uzinduzi."

Mama Bashiri alikuwa na maumivu makali, lakini Limi anasema sauti yake haikutetemeka. "Mwanangu, kama shida ni utepe, utepe ule nimeushona mimi. Nileteeni hapa kitandani. Nitalifungua fundo na nitalifunga tena, hata aliyelifunga hatajua kama limeguswa."

"Sina ruhusa, mama."

"Mimi je, mna ruhusa ya kunikata?"

"Baba," Limi alimwambia daktari kwa Kiswahili chake cha Kisukuma, huku akijiinua kwenye mto, "huyu mama anaomba usikie tu. Hajakuomba ng'ombe."

Daktari akatoka. Mama Bashiri akakataa kukatwa. Mpaka jioni alikataa, na Melania alikaa karibu naye akimpepea. Ndipo alipomweleza jinsi mashine ilivyofanya kazi, maana Mama Bashiri aliuliza, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa na la kumwambia.

"Kalamu ile inatoa sauti nyembamba mno, haisikiki kwa sikio la mtu. Inaingia mwilini, inagonga damu, inarudi. Umewahi kusimama stesheni ya Isaka, treni inapita haisimami?"

"Nimesimama sana. Bashiri alikuwa akinipungia mkono kutoka behewani."

"Honi yake ikija inakuwa kali, ikishakupita inakuwa nzito."

"Kweli. Nilidhani dereva anapunguza."

"Hapunguzi. Ni mwendo. Na damu ni hivyo hivyo. Ikija kwenye kalamu, sauti inarudi kali zaidi. Ikienda mbali, inarudi nzito. Mashine inapima tofauti hiyo. Kuna sindano. Ikilala kulia damu inakuja, ikilala kushoto inaondoka, na kadiri inavyolala zaidi ndivyo mwendo ulivyo mkubwa. Tena unaisikia kwenye spika, fyuu, fyuu, kila moyo unapopiga."

Mama Bashiri alifikiri. "Nikiwa jikoni na mtu yuko barazani ananichezea cherehani, najua anakanyaga kwa kasi gani bila kumwona. Najua hata kama anakikanyaga kinyume, uzi unakatika."

"Ndiyo hiyo, mama."

"Basi nendeni mkasikilize kama damu yangu inakanyaga."

Melania akaenda tena ofisini. Alipiga magoti mbele ya daktari, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu tangu aanze kazi. Aliomba mgonjwa apelekwe Mwanza basi, kama mashine haiguswi. Dereva wa gari la wagonjwa akaitwa, akasema dizeli ipo, pipa zima, ila imewekwa ya kwenda kumpokea mgeni.

Asubuhi Mama Bashiri alikuwa na homa, na wayo ulikuwa umegeuka rangi. Ulikuwa umegeuka kwa sababu ya kufa, au kwa sababu ya damu iliyovilia chini ya ngozi kama inavyovilia kwa kila mtu aliyepondwa? Hilo nalo mashine ingelisema. Daktari alimwambia akingoja tena atakufa. Mimi nilikuwa mlangoni nimebeba uji, na jibu la Mama Bashiri nililisikia kwa masikio yangu.

"Kateni," alisema. "Lakini mjue hamkuuliza."

Walikata juu ya goti, wakafukia.

Mgeni rasmi alikuja wakati kidonda hakijapona bado. Alikuja na magari yanayofuatana, na uwanja wa hospitali ukajaa turubai, viti vya kanisani na wanafunzi wenye bendera za karatasi. Kwaya iliimba wimbo uliofanyiwa mazoezi kwa muda mrefu kuliko mafunzo ya Melania kuhusu mashine yenyewe. Mama Bashiri na Limi walikuwa wodini, dirisha likiwa wazi. Mgonjwa aliyeweza kutembea alitolewa akapige makofi.

Waliona utepe unakatwa. Waliona mahameli ya Mama Bashiri inavutwa kwa vidole viwili, kama alivyoagizwa. Kisha Daktari Gregory akaomba mkono wa mgeni, akaupaka jeli kwenye kifundo, akaweka kalamu, na mtu wa vipaza sauti akasogeza kipaza chake karibu na spika ya mashine. Uwanja mzima ukasikia fyuu, fyuu, fyuu.

"Mayu," Limi aliuliza, akimwita mama kwa Kisukuma, "ni nini hiyo?"

"Damu ya mgeni."

"Anaumwa nini?"

"Haumwi."

"Sasa wanamsikilizia nini?"

Nje mshehereshaji alikuwa akitangaza kwamba damu ya mheshimiwa inakwenda kwa kasi ya maendeleo. Watu walipiga makofi na vigelegele. Niliona mzee mmoja anafuta machozi ya furaha. Nilitamani kuvunja kitu, na sikuwa na kitu mkononi ila bendera ya karatasi.

Sherehe ilipokwisha, wakati wageni wanakula pilau, Melania aliingia wodini na mashine kwapani. Sasa ilikuwa ruhusa. Alifunua shuka, akapaka jeli iliyobaki kwenye paja la Mama Bashiri, juu kidogo ya bandeji, akaweka kalamu. Sauti ilitoka mara moja, yenye nguvu, na sindano ikalala upande.

"Inakwenda kasi," alisema Melania.

"Inakwenda wapi?"

"Inakwenda chini, mama."

"Chini wapi?"

Melania alitazama shuka, pale lilipolala bapa juu ya godoro. Alizima mashine.

Watu huniambia, pengine mguu ulikuwa umekufa kweli. Pengine mashine ingesema vile vile alivyosema daktari. Ninakubali, pengine. Hakuna ajuaye, na hakuna atakayejua. Mtu anaweza kuvumilia kuambiwa damu yako haipiti. Mama Bashiri hakuambiwa. Mguu uliomlisha, uliomsomesha mwanawe, ulifukiwa nyuma ya hospitali bila kuulizwa swali moja, na jibu lilikuwa kabatini, limevikwa mahameli yake.

Aliiomba mahameli ile irudi. Akaambiwa imekwisha kuwa mali ya hospitali.

Alirudi barazani kwa magongo. Kukanyaga pedeli kwa mguu wa kushoto peke yake kulimchosha, na turubai ilimshinda kabisa. Siku moja fundi Muhidini alivuka barabara akiwa na bisibisi na mkono wa chuma alioutoa kwenye cherehani kibovu. Alifungua mkanda wa pedeli, akafunga mkono ule pembeni mwa gurudumu, akauzungusha kujaribu.

"Utashona kwa mkono mmoja na kuelekeza kwa mwingine," alimwambia. "Polepole. Hata hivyo hukuwa na haraka."

"Na wewe hukuwa na ufundi. Asante, Muhidini."

Viroba hakushona tena. Alishona mashati ya watoto, mito na foronya. Mwaka uliofuata, hospitali ilipata zawadi nyingine, kitanda cha kujifungulia, cha chuma cheupe chenye magurudumu. Wajawazito waliendelea kujifungulia kwenye kile cha zamani kilichokuwa kimeegemezwa kwa matofali. Mhudumu wa hospitali, kijana mzima aitwaye Ngassa, akaja barazani na kitambaa cha bluu begani.

"Shikamoo, mama. Daktari anakusalimu. Anaomba umshonee kifuniko cha kitanda, kiwe na kishikio kama kile cha..." Akasita, akaona aibu.

"Marahaba. Kuna mtoto aliyekwisha kuzaliwa juu yake?"

"Bado, mama, kinangoja..."

"Najua kinachongojwa." Alikigusa kitambaa, akakikunja vizuri kwa mikunjo ya fundi, akamrudishia. "Mwambie daktari hivi. Siku mtoto mmoja akizaliwa juu ya kitanda kile, awe wa kike awe wa kiume, niletee kitambaa nitakishona bure, na maua nitatia. Kabla ya siku hiyo mkasi wangu haukati."

"Mama, nitamwambia nini daktari?"

"Hayo niliyokuambia."

Ngassa alisimama barabarani kidogo, kisha akavuka kwa fundi Muhidini. Muhidini alisikiliza, akakipapasa kitambaa, akakinyoosha kwenye mwanga. Kilikuwa kitambaa kizuri, na kazi ilikuwa haba. Akainua macho akatazama ng'ambo, pale Mama Bashiri alipokuwa ameacha kuzungusha mkono wa cherehani.

"Mwambie daktari," alisema kwa sauti iliyofika ng'ambo, "mimi ni mwanamume, sitazaa. Lakini miguu yangu naihitaji yote miwili."

"Ya nini?" Mama Bashiri alimpigia kelele. "Hata ukiwa nayo suruali zako zinabana!"

"Nyamaza wewe mwanamke, ninakutetea!"

Ngassa alirudi hospitali na kitambaa begani, hakijakatwa.